Uhandisi Upi Una Kesho? Tuulize Mwaka wa 1956

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, swali huwa lile lile. Kijana amepata alama nzuri katika hesabu na fizikia, jamaa wamefurahi, na sasa kila mtu ana ushauri wake. Asomee ujenzi, maana barabara zinajengwa kila mahali. La, asomee umeme. La, kompyuta ndiyo mambo yote siku hizi. Mwingine anasema akili bandia. Mwingine anamkatiza, ati hiyo akili bandia ndiyo itakayowamaliza watu wa kompyuta, bora asomee nishati ya jua. Kijana mwenyewe yuko pale katikati, simu mkononi, akitazama orodha ndefu ya kozi za KUCCPS na siku ya mwisho inakaribia.

Si mchezo huu. Shahada ya uhandisi hapa Kenya ni miaka 5. Kuna kipande cha shamba kinachouzwa hapo, kuna ng'ombe anayeuzwa, kuna harambee, na kuna wadogo wake wanaongoja zamu yao. Njia ikikataa, si yeye peke yake anayerudi nyuma.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, kwa hivyo naulizwa swali hili mara nyingi, na anayeuliza hutarajia niseme "programu" kisha tuendelee na chai. Sisemi hivyo. Utabiri tuwaachie waganga. Lakini historia tunayo, tena ya hapa hapa kwetu, na ukiisoma polepole inakuambia jambo moja: mitambo inayosifiwa sana leo ndiyo huzeeka haraka, lakini haja ya watu iliyoufanya mtambo ujengwe haizeeki, na kanuni zinazouendesha hazizeeki. Mwenye kushika hivyo viwili hupata pa kwenda.

Haya, twende tuone.

MAMBO MATATU YA 1956

Nimeuchagua mwaka 1956 kwa sababu kuna mambo matatu yaliyotokea karibu pamoja.

La kwanza, Royal Technical College ya Nairobi ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwezi wa Aprili. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, na wahandisi wengi wa nchi hii wamepita pale. La pili, shirika la reli lilifungua shule yake ya mafunzo jijini Nairobi, ambayo leo tunaiita Railway Training Institute. La tatu halikupigiwa kelele hata kidogo: kule Olkaria, karibu na Naivasha, watu walianza kuchimba visima vya majaribio wakitafuta mvuke chini ya ardhi.

Kenya ilikuwa bado koloni, tena chini ya hali ya hatari iliyotangazwa 1952. Katika reli vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu, vya kati vya Wahindi, na Mwafrika aliachiwa kazi za chini. Kwa hivyo tukiuliza "ungechagua nini 1956?" tukumbuke kwamba wengi hawakuulizwa. Lakini tufanye kama milango yote ilikuwa wazi. Una miaka 20, una kichwa cha hesabu na mikono ya kazi. Unakwenda wapi?

Jibu la karibu kila mtu lingekuwa moja: reli.

RELI: MTAMBO MKUBWA KULIKO YOTE

Na wangekuwa na sababu. Reli ndiyo iliyoifanya Kenya iwe vile ilivyo. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa jiji la Nairobi mwaka 1899, ikagusa ziwa kule Kisumu Desemba 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Kufikia miaka ya 1950 shirika la East African Railways and Harbours lilikuwa limeunganisha reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Lilikuwa na karakana, nyumba za wafanyakazi, hospitali na vilabu vya mpira. Mshahara ulikuja kila mwezi bila kukosa.

Zaidi ya hayo, mwaka 1955 na 1956 shirika lilipokea injini mpya za mvuke 34 kutoka kwa kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester. Hizi ndizo zile Garratt za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi. Hakukuwa na injini ya mvuke kubwa na yenye nguvu kuliko hizo katika reli yoyote ya upana wa mita moja duniani. Zilivuta mizigo kutoka usawa wa bahari Mombasa mpaka Nairobi, mwinuko wa zaidi ya mita 1,600. Ukitaka kuona ukubwa wake, nenda pale makumbusho ya reli Nairobi. Mount Gelai bado imesimama pale, na mtu mzima akisimama kando yake anaonekana kama mtoto.

Sasa jiweke mahali pa kijana wa 1956. Injini mpya kabisa, kubwa kuliko zote. Shule mpya ya mafunzo. Mwajiri mkubwa kuliko wote. Ni mzazi gani angemwambia mtoto wake kwamba fundi wa injini ya mvuke hana kesho?

Mwaka 1960 injini za kwanza za dizeli za njia kuu zilifika. Ilikuwa miaka 4 tu baadaye! Injini ya dizeli haihitaji kuwashwa saa nyingi kabla ya safari, haihitaji maji njiani kila mara, na haihitaji watu wengi wa kuihudumia. Zile Garratt zikaendelea kwa muda, lakini zikipungua, na kufikia 1980 zilikuwa zimeondolewa kazini. Kijana aliyeanza na miaka 20 mwaka 1956 alikuwa na miaka 44 mwaka 1980. Watoto bado wako shuleni, na mtambo aliojifunza uko makumbusho.

Halafu likaja la siasa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli likagawanywa. Kenya Railways ikabaki na sehemu yake, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kudidimia. Njia zikaota nyasi, malori yakachukua mizigo. Mwaka 2006 serikali ikaikabidhi reli kwa kampuni ya Rift Valley Railways. Wakati ule, ukimwambia mtu unasomea mambo ya reli, angekuonea huruma.

Lakini tazama: Mei 2017 Madaraka Express ilianza safari ya Mombasa na Nairobi kwenye reli mpya ya SGR. Ghafla watu wa kushughulikia taraza, ishara, breki na magurudumu wakatafutwa tena, na ile shule ya 1956 ikajaa wanafunzi. Waliosema 2006 kwamba reli imekufa walikosea, kama walivyokosea waliosema 1956 kwamba mvuke hautakufa.

Kilichokufa ni nini hasa? Ni ufundi wa injini moja. Haja ya kusafirisha mizigo kutoka bandarini haikufa hata siku moja. Na mambo ya msuguano, ya mizigo na uzito, ya chuma kinachochoka, ya kuzuia treni mbili zisikutane kwenye njia moja, hayo yalivuka kutoka mvuke hadi dizeli, na kutoka reli ya zamani hadi SGR.

MVUKE ULIOKATAA KUSTAAFU

Sasa turudi Olkaria, kwa wale wachimbaji wa 1956 ambao hakuna aliyewasikia.

Visima vyao viwili havikutoa mvuke wa kutegemewa, na kazi ikasimama. Kama ungekuwa kijana wa wakati ule ukaambiwa, "Njoo usomee joto la ardhini," ungecheka. Kazi ipi hiyo? Mwajiri yuko wapi? Miaka ya 1970 kazi ilirudiwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda duniani kote, serikali ikaona haja ya umeme usiotegemea meli ya mafuta. Hatimaye mwaka 1981 turbini ya kwanza ya Olkaria ilianza kuzunguka. Nguvu yake ilikuwa megawati 15. Kidogo tu.

Hebu ziweke hizo tarehe pamoja. Kufikia 1980 injini za mvuke zimetoka relini. Mwaka 1981 turbini ya mvuke inawashwa Olkaria. Mvuke wenyewe haukustaafu hata mwaka mmoja!

Kwa nini jambo hili lina maana kwa anayechagua kozi? Kwa sababu maji yanayochemka ndani ya boila ya garimoshi na maji yanayochemka chini ya volkeno yanafuata kanuni zile zile. Shinikizo ni lile lile. Mabomba yanapanuka kwa joto vile vile, vali zinavuja vile vile, kutu inakula chuma vile vile. Mtu aliyejifunza mpangilio wa vyuma vya Garratt peke yake hakuwa na la kufanya Olkaria. Mtu aliyejifunza elimu ya joto na shinikizo angeelewa michoro ya Olkaria siku ya kwanza. Tofauti ya watu hao wawili haikuwa akili wala bidii. Ilikuwa ni kile walichodhani wanasomea.

Kazi ya mvuke wa ardhini ilikua polepole. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianza mafunzo ya nishati hiyo kule Iceland, na Wakenya wamekuwa miongoni mwa wanafunzi wake wengi. Olkaria II ikaja 2003, Olkaria IV ikaja 2014 ikiwa na megawati 140. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za umeme wa mvuke wa ardhini, na mvuke huo ndio unaozalisha umeme mwingi nchini kuliko chanzo kingine chochote. KenGen imekwenda hadi Ethiopia na Djibouti kuchimba visima kwa mkataba. Yaani ujuzi ambao 1956 haukuwa na jina, leo tunauuza nje.

SIMU: IDARA NDOGO ILIYOMMEZA MAMA YAKE

Wengi wenu mnaosoma hapa mnapenda mambo ya mawasiliano, kwa hivyo tuingie huko.

Kwa miaka mingi kazi nyingine iliyoonekana salama kabisa ilikuwa ya mhandisi wa simu. Chuo cha mafunzo ya simu kilianzishwa mwaka 1948. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kikafunguliwa Longonot, na Kenya ikaweza kuzungumza na dunia bila kupitia kwa mtu. Baada ya 1977 tukapata shirika letu, KPTC, lililosimamia barua, simu na leseni zote kwa pamoja. Kupata laini ya simu nyumbani ilikuwa ni kuomba na kungoja, tena kungoja miaka. Mtu wa KPTC alipopita mtaani akiwa na ngazi yake alisalimiwa na kila mtu.

Mwaka 1993 KPTC ilianzisha idara ndogo ya simu za mkononi. Zilikuwa za teknolojia ya zamani, bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida, na waliokuwa nazo walikuwa wachache mno. Kama ungekuwa mhandisi kijana ndani ya KPTC ukapelekwa kwenye idara hiyo, wenzako wangekuhurumia. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mitambo mikubwa ya kuunganisha simu na kwenye nyaya za shaba.

Idara hiyo iliitwa Safaricom. Ikawa kampuni mwaka 1997. Mwaka 1999 KPTC ikagawanywa: Telkom Kenya upande mmoja, Posta upande mwingine, na msimamizi wa mawasiliano peke yake. Mwaka 2000 Vodafone wakaingia Safaricom, na mwaka huo huo Kencell wakafungua mlango wao. Miaka iliyofuata Telkom Kenya ilipunguza wafanyakazi kwa maelfu. Nyaya za shaba zikaibwa na kuyeyushwa, na laini za mezani zikawa mapambo. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na tangu hapo laini ya simu ikawa pia pochi.

Nani aliyenusurika? Mitambo ya kuunganisha simu ilikufa, na ufundi wake ukafa nayo. Lakini aliyeelewa mawimbi ya redio, namna mawimbi yanavyopungua yakivuka mlima, namna ya kulisha mtambo umeme usiokatika kule juu kilimani, huyo alitafutwa na kampuni zote mbili mpya. Mnara wa simu ya mkononi, ukiuvua nembo yake, ni redio, ni umeme na ni kompyuta.

Hata ndani ya intaneti mambo yalikwenda hivyo. Mwishoni mwa 2000 kampuni za intaneti za Nairobi ziliungana zikaanzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili baruapepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area isipande setilaiti mpaka ng'ambo kisha irudi. Baada ya wiki chache msimamizi akakifunga, kwa hoja kwamba kinaingilia haki ya Telkom. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Kisha mwaka 2009 mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ikatua Mombasa. Biashara ya setilaiti, iliyokuwa ndiyo intaneti yote ya Kenya, ikapungua mara moja. Lakini walioelewa namna data inavyopata njia kutoka mtandao mmoja hadi mwingine hawakupungukiwa na kazi. Walizidiwa nayo. Njia ilibadilika kutoka angani hadi baharini, kanuni za kuelekeza data zikabaki zile zile.

GARI LA NYAYO: KESHO ILIYOTANGAZWA

Kuna namna nyingine watu wanavyochagua kazi: kwa kusikiliza hotuba. Serikali imesema viwanda vinakuja, basi tusomee viwanda.

Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Wahandisi wa chuo wakashirikiana na wa mashirika mengine, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani kule Kasarani. Yalikwenda kweli. Wahandisi walifanya kazi yao, na si haki kuwacheka. Lakini yalitengenezwa magari 5 tu. Pesa za kiwanda hazikupatikana, na kampuni iliyoundwa kuyatengeneza kwa wingi haikuwahi kuyatengeneza.

Lililobaki ni la kufundisha. Mitambo na ujuzi wa kukata vyuma kwa vipimo vidogo viliendelea chini ya jina jingine, Numerical Machining Complex, wakitengeneza vipuri vya viwanda vya humu nchini. Gari halikuwa na soko. Vipuri vilikuwa na soko tangu zamani, ila hakuna aliyevitolea hotuba.

Mfano wa karibu zaidi ni upepo wa Turkana. Mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017. Upepo ulikuwepo. Picha zilipendeza magazetini. Lakini laini ya umeme ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikamilika Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mapanga yale hayakuwa na pa kupeleka umeme, na serikali ikalazimika kulipa fidia kwa kuchelewa. Vijana wengi husema wanataka "nishati safi" wakimaanisha paneli na mapanga. Wachache husema wanataka nguzo, nyaya na transfoma. Na penye uhaba ndipo penye kazi.

NA SISI WA PROGRAMU JE?

Msidhani nawasema wengine nikijiacha. Programu ni mtambo kama mingine, na huku kwetu unakufa haraka zaidi kuliko Garratt.

Miaka ya 2000 simu ya maana ilikuwa Nokia. Vijana walijifunza kuandika programu za Symbian na zile ndogo za Java za simu, na ilionekana kazi ya maisha. Februari 2011 Nokia ikatangaza inahamia Windows Phone. Ikawa basi, na hata hiyo Windows Phone haikudumu. Aliyejua Symbian peke yake alilala mtaalamu akaamka mwanafunzi.

Lakini wakati huo huo lugha ya SQL, iliyobuniwa katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa inafanya kazi katika kila benki. Bado inafanya kazi leo. Kanuni za TCP/IP, ambazo mtandao wa ARPANET ulihamia tarehe 1 Januari 1983, ndizo zinazokuletea maneno haya. USSD, ile ya kubonyeza nyota na namba, ilidharauliwa tangu simu za kisasa zilipoingia, na mpaka leo mkulima anaitumia kuangalia salio lake. Waswahili walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na katika programu misala inapita kila Jumatatu.

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 kuna hofu mpya: kompyuta inaandika programu yenyewe, basi sisi tumekwisha. Ninavyoona, kinachokufa ni kile kile kilichokufa relini. Kujua kwa moyo maneno ya lugha moja ya programu, huko ni kujua vyuma vya Garratt. Kuelewa kwa nini malipo mawili yaliyokuja kwa wakati mmoja yanaweza kuharibu hesabu ya duka, huko ni kuelewa mvuke. La kwanza mashine inalifanya. La pili bado linataka mtu wa kuuliza, kukagua na kuwajibika pesa zikipotea.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUJAZA FOMU

Kwa hivyo wewe kijana, au wewe mzazi, badala ya kuuliza "kozi gani inalipa?" jaribu maswali haya.

Swali la kwanza: mtambo huu ukifa, haja gani itabaki? Watu watataka maji, umeme, njia, mawasiliano, chakula kisichooza na majengo yasiyoanguka. Kozi inayoshika mojawapo ya haja hizo itazaliwa upya kila mtambo unapobadilika. Kozi iliyotajwa kwa jina la kifaa kimoja, iogope.

Swali la pili: katika masomo haya, kanuni ni ngapi na bidhaa ni ngapi? Chukua orodha ya masomo ya miaka yote, uisome moja moja. Hesabu, mekanika, joto, umeme, mawimbi, udhibiti wa mitambo: hayo hayana tarehe ya mwisho. Ukiona orodha imejaa majina ya programu na mashine za kampuni fulani, jua unanunua kitu kitakachozeeka kabla hujamaliza kulipa mkopo wa HELB.

Swali la tatu: ni waajiri wangapi wanaoweza kuniajiri? Waliotegemea shirika moja la reli waliona 1977. Waliotegemea KPTC waliona 1999. Kazi inayotakiwa na serikali ya kaunti, na kiwanda cha chai, na hoteli ya Diani, na kampuni ya simu, haiwezi kufutwa kwa tangazo moja.

Swali la nne ni la karatasi, lakini limewatoa watu machozi: je, kozi hii imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi? Usajili wa wahandisi umekuwa sheria hapa tangu 1969, na bila usajili huwezi kujiita mhandisi kisheria wala kutia sahihi michoro. Wahitimu zaidi ya 100 wa Chuo Kikuu cha Egerton walinyimwa usajili, wakaenda mahakamani, wakapanda hadi Mahakama ya Juu, na ni mwaka 2018 ambapo mahakama hiyo iliamua kwamba haki zao zilikiukwa. Hesabu miaka waliyopoteza kati ya kuhitimu na uamuzi huo. Kuangalia orodha ya bodi ni kazi ya dakika 10.

Nisije nikaeleweka vibaya. Hakuna anayeajiriwa kwa sababu anajua kanuni tupu. Siku ya kwanza kazini utaulizwa kama unaujua mtambo uliopo pale, na lazima ujifunze mmoja vizuri mpaka mikono ichafuke. Fundi wa Garratt hakukosea kujifunza Garratt. Hasara iko kwa anayedhani mtambo ndio taaluma yenyewe. Pia si lazima iwe shahada: stashahada nzuri ya chuo cha ufundi, yenye kanuni na karakana, inafuata mantiki hiyo hiyo, na gharama yake ni ndogo.

Mwaka 1956 injini kubwa kuliko zote zilipita Athi River zikitikisa ardhi, na watu wakasimama kutazama. Wakati huo huo wachimbaji wachache walikuwa Olkaria, wamezungukwa na vumbi na matope, wakitoboa ardhi isiyotoa kitu. Hakuna aliyeweza kujua mwisho wa pande hizo mbili. Lakini mwanafunzi aliyefungua kitabu cha elimu ya joto mwaka huo, akakielewa, angeweza kufanya kazi pande zote mbili.

Ukijaza fomu, tafuta kitabu cha namna hiyo.